Wageni Wasisikie Kifua cha Mama

Kwetu Junda, pale Mombasa, mgeni hasikii kitu. Hasikii sufuria ikikwanguliwa, hasikii mtoto akilia, hasikii mtu akimwaga maji chooni. Akipiga hodi nyumba nzima hunyamaza ghafla, kisha mlango hufunguliwa na watu waliotulia tuli, kana kwamba humo ndani hakuna aliyewahi kuugua, kugombana wala kwenda haja. Mama ndiye aliyetulea hivyo. Mimi utotoni nilizabwa kibao kwa kupiga chafya mbele ya wageni. Chafya ya pili lakini, maana ya kwanza nilisamehewa. Wageni wakamsifu kwa malezi mema, hongera zake.

Basi mchukue mwanamke huyo, umtie bomba shingoni, uone.

Kiharusi kilimwangusha jikoni mchana kweupe, ungo wa mchele mkononi. Akalazwa wodi ya mahututi, mashine ikimpumulia, na ilipoonekana safari ni ndefu madaktari wakamtoboa tundu chini ya koo, wakampitishia bomba fupi la kupumulia. Hatimaye akaanza kupumua mwenyewe, tukaambiwa tumchukue nyumbani. Upande wa kulia ulikuwa umelala. Sauti hakuna, kwa sababu hewa yote yaingilia na kutokea bombani, haifiki pale pa kusemea. Lakini akili zilikuwa zake zote, mkono wa kushoto mzima, na yale macho yake ya kumkata mtu vipande yalikuwa makali vilevile.

Tukanunua na mashine ya kuvuta makohozi. Mtu mwenye bomba, kohozi lake hupanda mpaka humo bombani, na akiwa dhaifu linakwama likitoa sauti kila anapovuta pumzi: khrrr, khrrr. Sauti yenyewe haipendezi, sikatai. Ni kama mtu anayemalizia juisi kwa mrija. Mimi ni nesi, nafanya kazi katika hospitali ndogo upande wa Changamwe, nimeizoea. Dada yangu mkubwa, ambaye nakaa kwake na Mama akaletwa huko huko, aliisikia siku ya kwanza tu, akaenda kufunga dirisha, majirani wasije wakasikia.

Kwa kuwa zamu zangu hunitoa nyumbani, ilibidi nimfundishe yeye. Nilimfundisha kwa upole ambao hata mimi ulinishangaza. Nikamwambia, Dada, nawa mikono kwa sabuni, vaa glovu, mpira wa kuvutia uwe safi. Usiuingize kupita urefu wa bomba lenyewe. Nimekutilia alama ya wino, ukiipita unakwaruza nyama ya ndani. Unapoingiza usivute, acha hili tundu la pembeni mwa mpira wazi. Ukianza kutoka ndipo unaliziba kwa kidole, mashine ivute, nawe unatoka polepole huku unauzungusha mpira.

"Na ukianza," nikamwambia, "zuia pumzi yako mwenyewe. Mashine haivuti makohozi peke yake, inavuta na hewa ya Mama. Ukiona wewe wataka pumzi, ujue yeye ameitaka zamani. Toka. Mwache atulie kwanza kabla hujafikiria kurudi."

"Nimesikia."

"Na humvuti kwa sababu saa imefika, wala kwa sababu umekaa bure. Kwanza mwambie akohoe. Akishindwa, akihangaika, ukiona midomo inabadilika rangi, hapo mvute wala usisubiri mtu."

"Nimesikia, bibi nesi," akasema. "Kwani nani anayekaa bure katika nyumba hii?"

Alishika upesi, sitamnyima haki yake. Mkono wake ni mwepesi, hatetemeki, na wodini nimeshafundisha watu wenye vyeti waliokuwa wakitetemeka. Nikaenda kazini roho imetulia. Lo, roho ya mtu nayo hudanganyika kirahisi!

Kisha wakaja wageni.

Kumtazama mgonjwa kuna thawabu, na Junda ikiamua kuchuma thawabu haina mchezo. Mmoja alilia mlangoni mpaka akashikiliwa, kisha akauliza kama kaimati zimetiwa iliki. Mwingine alilikodolea macho lile bomba, akasema alimwona marehemu fulani nalo, akalivuta sana hilo neno marehemu. Wa tatu alikuja na asali iliyochanganywa na habasoda, akataka kujua itiwe tundu gani, la juu au hili la chini. Huyo nilimsindikiza mimi mwenyewe mpaka barabarani, kwa adabu zote, nikiwa nimemshika mkono asije akarudi.

Dada alikuwa katika raha yake. Kitanda cha Mama kilitandikwa shuka la kutarizi, lile la harusi. Siku moja nikakuta chetezo chini ya kitanda kinafuka udi, na moshi umetanda chumba kizima.

"Chumba chanuka dawa," dada akanieleza kabla sijafungua kinywa. "Watu wakija wasikie harufu nzuri."

"Dada, huyu hatumii pua! Pua ndiyo inayochuja hewa. Huu moshi wako washuka kifuani moja kwa moja!"

Nikakitoa chetezo uani nikakimwagia maji. Akaninunia mpaka jioni, na chai yangu siku hiyo haikutiwa sukari. Nikainywa hivyo hivyo.

Mambo yakaanza kuharibika baada ya hapo, na mimi nikadhani ni ule udi. Makohozi ya Mama yalikuwa meupe, mepesi. Yakawa mengi kuliko kwanza, kisha yakaingia rangi ya waridi, na siku moja nikaona uzi wa damu ndani ya mpira. Mipira niliyonunua ikawa yaisha upesi kama vijiti vya kiberiti. Mama mwenyewe alikuwa amesinyaa. Ukimwambia akohoe anakutazama tu, kama mtu aliyeachia wengine kazi yake. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu, na nasema hofu, si wasiwasi. Njia ikichubuka namna ile uchafu hupata pa kuingilia, uchafu ukishuka kifuani mgonjwa anarudi mahututi, na mama wa umri ule, mwenye nusu ya mwili, akirudi kule mara ya pili huenda asitoke. Nilikuwa nikiziona habari hizo kila siku kazini, kwa mama za watu.

"Unamvuta mara nyingi?" nikamwuliza dada.

"Kama ulivyonambia."

"Hupiti alama?"

"Wallahi sipiti."

Na kweli alikuwa hapiti. Dada yangu hasemi uongo. Hujibu tu lile aliloulizwa, na kuna watu wamejengewa heshima kubwa mjini kwa ufundi huo huo.

Kazini nikamsimulia mwenzangu mmoja, nesi wa bara, maana nilikuwa sili nikashiba. Akanisikiliza huku akikunja shuka. "Na wageni bado wanakuja?" akauliza. Nikamwambia wanakuja asubuhi na jioni. "Nyinyi watu wa Pwani na wageni wenu!" akasema. "Sisi kwetu mgonjwa akiwa hivyo tunafunga geti, story zinaisha." Nikamjibu kwamba kwetu ukifunga mlango mchana watu huuliza nani kafa. Tukacheka, lakini maneno yake yakanikaa.

Siku moja nikatoka kazini mapema. Sikumwambia mtu. Nikaingilia mlango wa uani, nikakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la chumba cha Mama upande wa uani, nikichungulia na kusema moyoni leo nitajua. Mama alikuwa ametulia. Kifua kinakoroma kidogo tu, ule mkoromo wa kawaida ambao ukimwacha mgonjwa anaukohoa mwenyewe. Dada alikuwa amekaa karibu naye akichambua mchicha. Ilikuwa picha nzuri, nikaanza kujiona mbaya kwa kuwapeleleza.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya jirani, mlango wa mbele.

Kabla dada hajaitikia, mkono wake ulishafika kwenye swichi. Mashine ikanguruma. Akanawa kwa maji ya bakuli, akavaa glovu, akaingiza mpira mpaka kwenye alama, kamili, akavuta, akatoka. Akarudia. Hakupata kitu mara ya pili, akarudia tena. Akauchovya mpira ndani ya maji ya mawaridi, ndiyo, yale ya kunyunyizia wageni, akaufuta kwa leso, akauning'iniza. Kisha ndipo akasema kwa sauti laini kabisa, "Karibu, shoga yangu, karibu ndani, twajipanga tu!"

Lakini mimi sikuwa nikimtazama dada. Nilikuwa nikimtazama Mama. Ile hodi ilipopigwa tu, kabla ya swichi, kabla ya chochote, Mama alifumba macho akalikunja shuka kwa ule mkono wake mmoja. Akalishika shuka lile la kutarizi kama mtu anayesubiri sindano. Machozi yakamtoka pembeni, na wakati jirani anaingia na salamu zake, dada alikuwa ameshayafuta.

Mwanamke aliyependa hodi kuliko wimbo! Aliyekuwa akisikia hodi anaacha chakula chake mdomoni! Nilibaki nyuma ya pazia, nimejiziba mdomo, na sikujizuia kulia.

Jirani alikaa. Alikula, akashangaa jinsi mgonjwa alivyotulia, akasema mashallah, hata husikii kama anaumwa. Dada akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilimngoja mgeni aondoke, kwa sababu na mimi nililelewa na Mama yule yule, hata hasira zangu hungoja wageni waondoke. Mlango ulipofungwa nikatoka.

"Kumbe ndiyo kazi yako!"

Akaruka. "We mwana we! Watoka wapi?"

"Kila hodi, Dada? Kila hodi unamchokora Mama?"

"Sasa wataka nifanye nini?" Alikuwa ameshtuka, kisha akapandisha. "Watu waingie wamkute anakoroma? Mama huyu? Mama aliyekuwa akitoka nje kwenda kupenga kamasi? Wewe wamjua kama mgonjwa. Mimi namjua kama Mama. Angekuwa na sauti angenambia mwenyewe, nisafishe, watu wanakuja."

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nikaketi. Nikamweleza tena, safari hii bila upole. Kwamba ndani ya njia ile kuna ngozi laini kama ya ndani ya shavu. Ukiivuta ikiwa haina kitu, mpira unaing'ata hiyo ngozi. Ngozi ikiumia inajibu kwa kutoa makohozi zaidi, wewe unayaona mengi, unavuta zaidi, inaumia zaidi. Na mgonjwa akizoea kuvutwa anasahau kukohoa, na kikohozi ndiyo mashine yake ya kwanza, haitaki umeme. Maji ya mawaridi ni ya kanzu, Dada, si ya mapafu. Maji ya kusuuzia ni yaliyochemshwa yakapoa, na mpira ukishatumika haurudishwi shingoni kwa mtu kwa sababu tu wanukia harusi.

"Na damu unayoiona," nikamwambia, "ni ya wageni. Kila mgeni na tone lake."

Akamtazama Mama, na Mama alikuwa akimtazama yeye. Sijui walisemezana nini kwa yale macho. Dada akaanza kulia kwa sauti, bila kujali dirisha.

"Nilitaka asiaibike," akasema. "Wallahi, sikutaka lingine."

Akakubali. Mipira iliyotumika ikatupwa, maji ya mawaridi yakarudi kabatini, nikaweka shashi yenye unyevu mbele ya bomba ili hewa isiingie kavu. Ila dada ni dada, akaweka sharti lake. "Wageni wa kawaida, wamsikie, haya. Lakini wakwe, hapana. Siku hiyo utanivumilia."

Maana binti yake alikuwa ameposwa, nyumba ya wafanyabiashara wa zamani wa Kisauni, watu wanaozungumza kana kwamba kila neno limepigwa pasi. Walikuwa wamesema watakuja kumtazama bibi wa bi harusi kabla ya siku kutajwa. Dada alikuwa halali usingizi. Alikuwa na hakika kwamba posa nzima itavunjika kwa mkoromo mmoja.

Mimi nikaanza kumrudishia Mama kikohozi. Nilimkalisha kidogo, mto mgongoni, nikamwambia vuta pumzi, Mama, halafu sukuma. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo barabarani. Tukiwa wawili alijaribu, akafanikiwa hata, kohozi likatoka mpaka kwenye shashi na mimi nikapiga makofi kama mwehu. Mtu wa tatu akiingia, hata mjukuu, kimya. Anayakusanya kifuani kwa ukaidi, afadhali apasuke. Uzi wa damu ulikwisha, rangi ya waridi ikakwisha, lakini hodi ikipigwa bado alifumba macho.

Siku ya wakwe niliomba ruhusa kazini. Dada alikuwa ameamka na mafagio. Viazi karai, mahamri, mkate wa sinia, sharubati, sijui jeshi gani lilikuwa laja. Alitandika lile shuka la kutarizi nami nikamwachia. Mashine sikuificha, ingawa nilitamani. Mashine ya namna ile haifichwi, kwa sababu ikihitajika kweli inahitajika dakika hiyo hiyo. Ilikaa pale pembeni ya kitanda, mpira mpya ndani ya karatasi yake, na dada amesimama kati yake na mlango, amevaa dera jipya, jasho likimtiririka.

Mama alianza kukoroma dakika zile zile wakwe walipokuwa wakitarajiwa. Bila shaka. Khrrr, khrrr. Midomo yake ilikuwa na rangi nzuri, kifua kinapanda na kushuka bila haraka, lilikuwa ni kohozi la kawaida tu lililotaka kusukumwa. Nikamwinua kidogo.

"Kohoa, Mama."

Akatazama pembeni.

"Hodi! Hodi wenyewe!" Sauti nyingi, za wanawake, tayari kwenye baraza.

Mama akafumba macho. Mkono wa kushoto ukalikamata shuka. Na mkono wa dada, nakwambia niliuona, ulikwenda wenyewe mpaka kwenye swichi, ukakaa juu yake.

"Dada, usimguse."

"Wamesimama mlangoni," akanong'ona. "Watamsikia."

"Wamsikie!"

"Posa ya mwanangu, jamani!"

"Ana hewa, ana rangi, ana nguvu. Mpe nafasi." Nikamwinamia Mama mpaka masikioni. Sikuwa na upole wowote uliobaki. "Mama, mimi ndiye uliyenizaba kibao kwa chafya. Leo nakwambia kohoa. Ukiyaweka humo kifuani tutakurudisha mahututi, na mimi siwezi kukurudisha kule, siwezi, wasikia? Kohoa mbele ya watu."

Akafumbua macho. Akanitazama, halafu akaitazama ile mashine, halafu mkono wa dada uliokuwa juu yake. Dada alikuwa amezuia pumzi. Sikumfundisha mimi safari hii. Mashavu yamejaa, macho yamemtoka, swichi chini ya vidole vyake, na hakuibonyeza.

Mama akavuta hewa na kukohoa.

Lo salale! Sijapata kusikia kikohozi kama kile hospitali nzima ya Changamwe. Kilitoka tumboni, kikapita bombani, kikarusha shashi, na kohozi likaruka likatua katikati ya shuka la kutarizi, kwenye lile ua kubwa. Huko barazani mazungumzo yakakatika. Akakohoa tena, zaidi, makusudi kabisa, nyumba nzima ikamsikia na nadhani na nyumba ya pili. Kisha akapumua. Pumzi safi, kavu, haina mkoromo hata kidogo.

Dada akaachia pumzi yake na kuondoa mkono kwenye swichi. Nikamfuta Mama shingo, nikamwekea shashi nyingine.

"Hodi?" wakauliza tena kule nje, safari hii polepole, kwa sauti ya watu wasiojua kama waingie au warudi.

Mama hakufumba macho. Aliachia shuka, akaunyanyua mkono wa kushoto juu, akakunja vidole kuelekea kwake, mara ya kwanza, mara ya pili, ile ishara yake ya siku zote ya kuwaita watu waache viatu waingie. Wageni hawakuweza kuiona, pazia lilikuwa limefungwa.

Dada akalifungua pazia, shuka chafu lionekane.

"Karibuni ndani," akasema. "Mama anasema karibuni."